Chujio Lenye Namba Mia

Rozina Zadok alikuwa na swali moja tu, na alikuwa ameliuliza mara nyingi kiasi cha kumchosha Inspekta Yeremia Kashindye.

“Afande, chujio mmeliweka kwenye maji?”

“Hapa nani anahoji, mimi au wewe?”

“Wewe, afande. Lakini mmeliweka?”

Kashindye aliitazama dari. Alikuwa amewahoji wezi wa ng’ombe wa Misungwi na matapeli wa mjini, na wote walimwomba maji ya kunywa, au sigara, au ndugu zao waitwe. Hakuwahi kukutana na mtuhumiwa anayekiombea kielelezo maji. Akajiambia kwamba mwanamke huyu anataka chujio liloweshwe ili alama za vidole zifutike, akajipongeza kimoyomoyo kwa kuligundua hilo mapema.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi. Nyashimba, kijiji cha wavuvi ukishapita Kiseke ukashuka ziwani, kilikuwa na mtambo wa kuchuja maji. Kikundi cha akina mama kiliununua mwaka ule kiwanda cha maziwa cha serikali kilipouzwa vipande vipande, mabomba huku, majokofu kule. Rozina, aliyekuwa muoshaji wa mabomba kiwandani, alifuatana na mtambo akawa msimamizi wake. Maji ya ziwa yaliingia upande mmoja yakiwa na rangi ya chai iliyochacha, yakatoka upande wa pili maangavu. Tangu hapo kipindupindu kilikuwa kikipita Nyashimba bila kupiga hodi.

Sasa wiki hii watu wakaanza kuanguka. Walitapika, waliharisha, mate yaliwachuruzika na jasho likawalowesha. Aliyezidiwa kuliko wote alikuwa Dorotea Maige, mwenyekiti wa kikundi, na kabla hajapakiwa kwenye gari la hospitali aliwaambia polisi jambo alilolisikia kwa wachota maji: Rozina amebadilisha chujio kwa siri.

Kashindye alikwenda, akafungua mtambo, akakuta kweli. Chujio la zamani, lenye mpasuko, lilikuwa limefichwa nyuma ya pampu, na kibandiko chake kilisema 0.2. Jipya lililokuwa ndani lilisema 100, likifuatiwa na herufi ambazo Inspekta alizichukulia kuwa ni za kiwanda kilicholitengeneza. Hesabu aliijua tangu shule ya msingi. Mia ni kubwa kuliko sifuri nukta mbili mara mia tano. Kwa hiyo mwanamke huyu alitoa chujio lisilopitisha kijidudu, akaweka lenye mageti. Inspekta akaufunga mtambo kwa lakiri, akabeba chujio pamoja na msimamizi wake, na Nyashimba ikarudi kuchota ziwani.

Kesho asubuhi Rozina angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuhatarisha maisha ya watu, na kutoka hapo ni Butimba, gerezani, kusubiri.

“Ulibadilisha chujio?” Kashindye aliuliza tena, kwa kuwa utaratibu ulitaka aulize tena.

“Nilibadilisha. La zamani lilipasuka. Mama Dorotea alikuwa Bujora msibani, na watu walikuwa wamepanga ndoo.”

“Aliporudi, kwa nini hukumwambia?”

“Alishasema atakayegusa mtambo bila kamati ataondoka. Nikaogopa. Kazi nyingine sina, afande.”

“Na hili la mia ulilitoa wapi?”

“Lilikuja na mtambo, la akiba. Kiwandani lilikuwa la maziwa. Maziwa yakipita, yanatoka maji tu, weupe unabaki nyuma.”

“Kwa nini?”

“Hilo walijua mafundi. Mimi niliosha na kulitunza. Na kulitunza ni lisikauke, afande. Likikauka linakufa.”

Kashindye alikuwa amekwisha kuinuka. Mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango akauliza, kwa kupitisha tu, “Mwanao anakunywa maji gani?”

“Akelo? Ya mtambo. Namkingia bombani palepale kila siku, mimi naye.”

“Naye haumwi?”

“Haumwi. Wala mimi siumwi.”

Alitoka akiwa na jambo hilo kichwani kama kokoto ndani ya kiatu. Mtoto mdogo ndiye huanza kuugua, kila mtu anajua. Mageti yakiwa wazi, kipindupindu kinaingia kwa nani kwanza?

Nje, Sajini Chenge alikuwa akimsubiri kwenye Landrover. Chenge ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha vielelezo, na alikuwa na mdomo usiopata likizo. Mikono ya shati lake ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko.

“Umeanza kufua kazini?” Kashindye akamuuliza.

“Bomba la uani limeniruka, afande.”

“Endesha. Hospitali kwanza.”

* * *

Dorotea Maige alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng’ambo ya ghuba, lakini leo sauti hiyo ilikuwa imebaki nusu. Chupa ya maji ilining’inia juu yake. Nesi alimfuta mate mdomoni, na baada ya muda mfupi akamfuta tena.

“Pole, mama,” alisema Kashindye.

“Asante, mwanangu. Umemfunga Lozina?” Dorotea alikuwa Msukuma wa ndani ndani, na herufi R haikuwahi kumtii.

“Yuko kituoni. Nataka kujua, wewe maji unayachota mwenyewe?”

“Na magoti haya? Naletewa na Odoyo. Sisi wote wa kule mlimani tunaletewa na mkokoteni wake.” Alifumba macho, akayafumbua. “Nesi, nimekuomba. Fungua dilisha. Kuna giza humu.”

Kashindye aligeuka. Dirisha lilikuwa wazi kwa upana wake wote, na jua la asubuhi lilikuwa limelala kwenye shuka la mgonjwa.

“Liko wazi, mama,” nesi akasema kwa upole. Akamnong’oneza Inspekta, “Tangu jana anasema hivyo. Na mwingine wa kitanda cha mwisho anasema hivyohivyo. Ni homa inawachanganya.”

“Wana homa?”

Nesi akafikiri kidogo. “Hapana. Homa hawana.”

Garini Chenge alikuwa tayari na jibu, kama kawaida yake. “Afande, mimi nakwambia ni wavuvi. Kuna wanaomwaga sumu ziwani ili samaki waelee. Imeingia kwenye bomba la mtambo, watu wameinywa. Tukawakamate mwaloni, palepale wanapoegesha mitumbwi, tumalize.”

“Ikiingia kwenye bomba la mtambo, mtoto wa Rozina ameinywa pia.”

Chenge alijishughulisha na kioo cha pembeni.

“Mtoto yuko kwa jirani, mzima, nilimwona jana akila uji kwa mikono miwili,” Kashindye akaendelea. “Anakunywa maji yaleyale kutoka bombani. Kama sumu iko ziwani, yumo. Kama vijidudu vinapita kwenye chujio, yumo. Sasa mbona hayumo?”

“Labda Rozina anadanganya. Anamchemshia.”

“Labda.” Kashindye alitoa kile kipande cha karatasi alichonakili kibandiko cha chujio, akakitazama kwa jicho la mtu aliyeanza kutilia shaka kazi yake mwenyewe. “Twende kwa yule binti wa maabara ya samaki. Nataka anithibitishie hesabu yangu kabla sijaipeleka kwa hakimu.”

* * *

Maabara ilikuwa jengo dogo kando ya ziwa ambako minofu ya sangara ilipimwa kabla ya kusafirishwa Ulaya. Mkemia wake, Winnie Mhoja, alikuwa na miwani mikubwa na tabia ya kujibu swali kwa swali, tabia ambayo Kashindye aliipenda kwa polisi na kuichukia kwa watu wengine.

“Shikamoo, Inspekta.”

“Marahaba. Sitakuchelewesha. Chujio la zamani, sifuri nukta mbili. Jipya, mia. Niandikie tu kwamba jipya lina matundu makubwa mara mia tano.”

“Mia nini?”

“Mia.”

“Inspekta, wewe ni mtu wa hapahapa ziwani?”

“Baba yangu alikuwa mfugaji, lakini samaki nawajua.”

“Basi mvuvi mmoja anakwambia, wavu wangu ni wa inchi tano. Mvuvi wa pili anakwambia, wavu wangu hauachi samaki wa nusu kilo. Nani mwenye tundu kubwa?”

Kashindye alipima kwa mikono hewani. “Siwezi kujua. Mmoja amenitajia upana, mwingine amenitajia uzito.”

“Na nikikwambia tano ni kubwa kuliko nusu mara kumi?”

“Nitakwambia huna akili.”

Alipokwisha kulitamka ndipo alipolisikia. Chenge aliangalia dirishani kwa adabu kubwa.

Winnie alichukua kile kipande cha karatasi, akaweka kidole kwenye herufi ambazo Inspekta alizidhania ni za kiwanda. “Hizi ni kilodaltoni. Chujio lako la zamani limepimwa kwa mikroni, yaani upana wa tundu. Ugawe milimita moja mara elfu, kipande kimoja ni mikroni. Vijidudu vya kipindupindu unene wake ni kama nusu ya mikroni, kwa hiyo tundu la sifuri nukta mbili linavizuia. Lakini chujio hili la maziwa lina vitundu vidogo mno, kuvipima kwa upana ni taabu. Wenye viwanda wanafanya kama yule mvuvi wa pili. Wanapitisha molekuli ambazo uzito wake unajulikana, wanaangalia zipi zimebaki. Uzito wa molekuli unapimwa kwa daltoni. Mia hapa ni daltoni laki moja. Maana yake, molekuli yenye uzito huo au zaidi, nyingi zitabaki nyuma.”

“Nyingi? Si zote?”

“Si zote. Kamongo wa kilo moja na sato wa kilo moja hawapiti tundu moja. Kamongo ni mrefu, atajipenyeza. Molekuli nazo zina maumbo. Ndiyo maana namba ile ni ya kukadiria.”

“Kwa upana sasa. Tuseme kwa upana.”

“Tuseme mikroni sifuri nukta sifuri moja, hapo karibu. Mara ishirini chini ya lile la zamani.”

“Dogo zaidi?”

“Dogo zaidi.”

Kashindye alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa mtu wa kuamini anachokiona, na Winnie alionekana kulijua hilo, maana alikwisha kuanza kumimina maziwa ya chai yake kwenye maji. Alitoa vichujio viwili vidogo vya maabara, kila kimoja cha kuchomekwa kwenye bomba la sindano. Cha kwanza kilikuwa cha sifuri nukta mbili. Alisukuma maziwa yale polepole, na matone yakadondoka kwenye gilasi yakiwa bado na ukungu mweupe. Cha pili kilikuwa cha kilodaltoni mia. Hapa ilibidi asukume kwa nguvu, mishipa ya mkono ikamtoka, na kilichodondoka baada ya subira kubwa kilikuwa kiangavu, chenye ukijani kidogo, bila weupe wowote.

*Maziwa yakipita, yanatoka maji tu.* Rozina alikuwa amemwambia, na yeye alikuwa amekwisha kuinuka.

“Onja,” Winnie akasema, akimpa gilasi ya pili.

Kashindye akaonja. “Kuna utamu.”

“Sukari ya maziwa. Molekuli yake ina uzito wa daltoni mia tatu na kitu. Kwenye tundu la laki moja inapita kama dagaa kwenye wavu wa sangara. Chumvi inapita. Chochote kidogo kilichoyeyuka kinapita, katika machujio yote mawili.”

“Kwa hiyo Rozina aliweka chujio bora kuliko la kwanza.”

“Kwa vijidudu, bora sana. Hawa wagonjwa wako hawakuugua kwa kijidudu kilichopita hapo.” Winnie aliweka gilasi chini. “Wana dalili gani?”

Kashindye alimtajia. Alipofika kwenye mate na jasho, Winnie aliacha kufuta meza. Alipofika kwenye mama anayeomba dirisha lililo wazi lifunguliwe, alivua miwani.

“Mboni za macho yake uliziangalia?”

“Sikuziangalia.”

“Mboni zikisinyaa zikawa kama ncha ya sindano, mwanga hauingii. Mgonjwa anaona giza mchana. Inspekta, kuna dawa za kuulia wadudu wa pamba zinafanya hivyohivyo, na hivyo vingine vyote ulivyotaja. Molekuli zake nazo zina uzito wa mia tatu hivi.”

Simu ya maabara ilikuwa ya kuzungusha namba, na Kashindye aliizungusha kwa haraka hadi akakosea, akaanza upya. Daktari wa zamu alimsikiliza, akamwambia asubiri, akaenda wodini mwenyewe. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika.

“Zimesinyaa. Zote. Tulishikilia kuhara na kutapika, tukaona kipindupindu kabla ya kumwona mgonjwa. Tunaanza kuwapa atropini, dawa ya kuizima sumu hiyo, sasa hivi. Tafuteni inakotoka, maana wengine wakiendelea kuinywa huko, sitakuwa na dawa ya kutosha.”

Kashindye aliweka mkono wa simu mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu aipokee kesi hii aliona furaha, furaha ya mtu aliyepotea ambaye angalau ameonyeshwa barabara.

“Sumu inapita kwenye chujio lolote,” alisema, akijihesabia kwa vidole. “Lakini mtoto wa Rozina anakunywa bombani na haumwi. Kwa hiyo kwenye bomba haimo. Imeingia baada ya bomba. Na wagonjwa wote ni wa mlimani, wanaletewa. Chenge, washa gari. Binti, chukua chupa zako za sampuli, unakuja nasi.”

* * *

Odoyo Nathaniel walimkuta mwaloni Nyashimba, ameketi kwenye jiwe, mkokoteni wake umelala mikono juu. Alikuwa Mjaluo wa pwani ya Mara, mrefu, mpole, aliyeleta biashara yake ya maji hapa baada ya kuchoka na nyavu. Tangu mtambo ufungwe hakuwa na kazi. Kwenye mkokoteni kulikuwa na mapipa mawili, moja la bluu lililochakaa na moja la kijani linalong’aa.

“Hujambo, Odoyo.”

“Sijambo, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Mapipa haya yanakwenda wapi na wapi?”

“La bluu ni la hapa chini, akina mama wa dagaa na migahawa. La kijani nawapelekea wa mlimani. Wanapenda kitu kipya, wale.”

Kashindye alichungulia ndani ya pipa la bluu. Maji kidogo yalikuwa yamebaki chini, na ndani yake furu mmoja, samaki mdogo asiyezidi kidole, alikuwa akizunguka bila haraka. Kuta za pipa zilikuwa na utelezi wa kijani.

“Huyu naye ni abiria?”

Odoyo alicheka kidogo. “Ndiye shahidi wangu, mzee. Mtambo ulipoanza, watu hapa walisema maji yaliyopitishwa kwenye mashine yamekufa. Hawakuyataka kabisa. Nikatia furu ndani, nikawaambia, tazameni, anaishi. Tangu hapo mteja anachungulia samaki kwanza, ndipo analeta ndoo.”

“Na pipa la kijani? Shahidi wake yuko wapi?”

Odoyo alikuna shingo. “Hilo linanisumbua. Samaki hakai. Natia asubuhi nikianza safari, tunapanda naye mlimani, anachezacheza, wateja wanamwona. Nikirudi namkuta kageuka tumbo juu. Kesho natia mwingine.”

“Kila siku?”

“Kila siku tangu nilinunue.”

“Na hukujiuliza kwa nini?”

“Nilijiuliza, mzee. Nikaona ni njaa. Maji ya mashine yamechujwa mno, hayana chakula. La bluu ni la zamani, lina utelezi, samaki anakula. Hili bado jipya, halijaota kitu.” Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu aliyelifikiria jambo vizuri, na kusema kweli hoja haikuwa mbaya. Kashindye mwenyewe asubuhi ile alikuwa na hoja iliyokaa sawa kuliko hiyo, nayo ilikuwa ya uongo mtupu.

“Furu anaweza kukaa bila kula muda gani?”

Odoyo alianza kujibu, kisha akainuka kwenye jiwe. Mtoto wa wavuvi hawezi kuulizwa swali hilo asijue jibu lake. Alitazama pipa la kijani, akatazama mlimani.

“Siku nyingi,” alisema taratibu.

Kashindye hakutaka kubishana na mtu aliyekwisha kuelewa. Aliwaita akina mama wa dagaa waje kushuhudia, maana jambo la kesi ni bora lionwe na wengi. Alikata lakiri ya mtambo. Chujio halikuwamo, lakini ndani ya tangi la nyuma yalibaki maji yaliyochujwa kabla ya kufungwa, na Rozina alikuwa amelifunika vizuri. Ndoo moja walimimina kwenye beseni safi, nyingine wakamimina ndani ya pipa la kijani. Odoyo alitia furu mmoja huku na mmoja kule.

Wa kwenye beseni alizunguka, akatulia kivulini. Wa kwenye pipa alikwenda sawa kwa kitambo, hadi Chenge akaanza kunung’unika kwamba jua ni kali. Kisha akaanza kuogelea ubavu. Akageuka, akajisukuma, akagonga ukuta wa pipa kama kipofu. Mwishowe akaelea tumbo juu.

Winnie alijaza chupa zake, Kashindye akazifunga na kuziwekea sahihi. Kisha alitoa funguo mfukoni, akakwangua rangi ya kijani ubavuni mwa pipa. Chini ya kijani kulikuwa na nyeupe, na kwenye nyeupe, alipozidi kukwangua, likatokea jicho jeusi, kisha la pili, kisha fuvu zima la kichwa cha mtu na mifupa yake miwili.

“Nani alikuuzia?”

“Malimi, kule Misungwi. Anauza vitu vilivyobaki kwenye maghala ya pamba, tangu wanunuzi binafsi waingie. Aliniambia lilikuwa la mafuta ya kula. Nililiosha, mzee. Kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni. Likawa halinuki kabisa.” Odoyo aliketi chini kando ya gurudumu. “Nimewaua watu.”

“Hajafa mtu,” Kashindye akamwambia, na akachuchumaa ili wawe sawa kwa macho. “Na dawa wamekwisha kuanza kupewa. Sasa simama, unitajie nyumba zote za mlimani zenye maji ya pipa hili. Kila ndoo imwagwe kabla jua halijazama, mbali na visima. Chenge atakwenda na wewe. Halafu Chenge, kesho wewe na mimi tuna safari ya Misungwi. Nataka kumwona huyo Malimi akinywa maji kwenye pipa lake la mafuta ya kula.”

“Na aliyenionya ni samaki,” Odoyo alisema, bado hajainuka. “Aliniambia kila siku, nikamtupa.”

* * *

Alasiri ileile mwendesha mashtaka alilisoma faili hadi mwisho, akasema hana mashtaka dhidi ya Rozina Zadok. Kashindye alikwenda kumfungulia mwenyewe. Angeweza kumtuma askari, na njiani alitamani kweli angemtuma, kwa maana alikuwa anaona aibu, na aibu kwa mtu wa umri wake na cheo chake ni kitu kizito kubeba kwenye korido nyembamba.

“Mama Akelo,” alisema mlangoni, “chujio lako halikumdhuru mtu. Mimi ndiye niliyekosea. Nilisoma uzito nikadhani ni upana. Nisamehe.”

Rozina alijifunga kanga yake vizuri. “Nimesikia, afande. Yaishe.” Kisha, kama ilivyotarajiwa, “Mmeliweka kwenye maji?”

Kashindye aliinamia funguo zake. Winnie alikuwa amemweleza hilo garini: utando wa namna hiyo ukikauka vitundu vyake hujikunja na kuziba, na havifunguki tena. Utaratibu wa chumba cha vielelezo, aliouandika yeye mwenyewe na kuubandika ukutani, ulisema kila kitu kitunzwe pakavu. Kwa mkono wake alikuwa ameua chujio pekee la Nyashimba, na lingine kama hilo lingetoka wapi, na lini?

Chenge aliwakuta wamesimama hivyo. Alikuwa amerudi kutoka mlimani, vumbi hadi kwenye nyusi. “Afande, kuhusu hilo chujio,” alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile maneno yalimwia magumu. “Huyu dada aliniomba tangu siku ya kwanza. Nikaona kulilowesha si kosa kubwa sana. Liko kwenye beseni chini ya rafu, nimelifunika. Kila asubuhi nabadilisha maji.”

“Umevunja utaratibu wa vielelezo.”

“Ndiyo, afande.”

“Bomba la uani ndilo lililokuruka.”

“Ndiyo, afande.”

“Utaandika maelezo yako,” Kashindye akasema, “na ukishayaandika nitakununulia sato mzima wa kuchoma.” Akageuka upande haraka, kwa kuwa uso ulikuwa umeanza kucheka bila ruhusa yake.

Jua lilikuwa bado juu walipopita hospitali. Rozina ndiye aliyeomba wapite, chujio likiwa mapajani mwake ndani ya ndoo ya maji, naye ameikumbatia. Kashindye alitaka kumwambia si lazima, mtu aliyekushtaki huwajibiki kumwendea siku hiyohiyo, lakini akaona leo amekwisha kuwaambia watu mambo ya kutosha.

Dorotea Maige alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Mate yalikuwa yamekauka, na sauti ile ya ng’ambo ya ghuba ilikuwa njiani kurudi. Walikwisha kumwambia. Alipomwona Rozina mlangoni alivuta shuka hadi kidevuni, na Rozina akabaki kizingitini na ndoo yake kama mgeni asiyejua pa kuketi.

Dorotea akainua kiganja, akakiweka mbele ya macho. Mboni zake zilikuwa zimefunguka, pana, nyeusi.

“Jua,” alilalamika. “Jua lote hili humu ndani, litanitoboa macho. Hakuna mtu wa kufunga hilo dilisha?”

Nesi alikuwa mbali, kwenye kitanda cha mwisho. Rozina aliweka ndoo yake chini taratibu, maji yasimwagike, akaenda akalifunga.